Mfanyakazi wa Kufua

Foleni ya simu nje ya posta ya Lodwar ilikuwa imeanza kunung'unika, na msichana aliyekuwa ndani ya kibanda hakuonyesha dalili ya kumaliza. Alivaa gauni la kazi la samawati na mshipi mweupe kiunoni. Shanga nyekundu zilichungulia chini ya kola kila alipoinua shingo kupaza sauti.

"Glavu!" alisema. "Si gari. Glavu! Za mikono! Tuna wazee huku, tunawaosha kila siku, sasa tutawaosha na nini? Halo? Kitale? Halo!"

Laini ilikuwa imekatika. Mwanamume mrefu aliyesimama nyuma yake aliingiza mkono, akaligonga lile sanduku ubavuni kwa ngumi. Kitale ikarudi.

"Hii inataka kupigwa kidogo," akasema, akarudi nyuma kwa adabu.

Msichana alipotoka jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

"Asante, kaka."

"Mimi ndiyo nashukuru, sista. Sasa foleni yote inajua wazee wenu wanaoshwa."

"Kumbe ulikuwa unasikiliza simu ya mtu?"

"Si mimi peke yangu. Kitale wangesikia hata bila simu."

Alicheka bila kupenda. Yule mwanamume naye alipaswa kuingia kibandani, ila alimwachia zamu mama aliyekuwa nyuma yake, akamfuata msichana hatua chache. Shati lake jeupe lilipigwa pasi kama la kwenda kanisani, ingawa ilikuwa siku ya soko.

"Hao wazee, wako wapi?"

"Makao ya Simeoni. Ng'ambo ya uwanja wa ndege."

"Wanachukua mtu wa kambi?"

Hapo ndipo msichana alipomtazama vizuri. Mdinka, akaona, kwa ule urefu na zile alama za kipaji cha uso. "Ni mzee wako?"

"Shangazi. Yeye alinilea, mama alikufa mapema. Sasa haoni, na mimi niko dukani tangu asubuhi. Juzi ameanguka kwenye moto."

Jina lake lilikuwa Mabil, akiuza vitambaa katika soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Msichana aliitwa Nawoi, mhudumu, binti wa mfugaji wa Namoruputh. Kabla ya mwezi kwisha, shangazi Adhar alikuwa na kitanda karibu na dirisha pale Makao, na Mabil alikuwa na sababu ya kuomba ruhusa ya kutoka kambini kila alipoweza.

Ilikuwa katikati ya mwaka wa tisini na saba. Kila alipokuja alileta kitu: sukari, kipande cha kitenge, redio ndogo. Adhar alikuwa kipofu lakini hakuwa kiziwi.

"Hiyo kitenge ni yangu au ya msichana?" aliuliza kwa Kidinka.

"Ni yako, shangazi."

"Basi mbona umempa yeye aishike muda wote huo?"

Nawoi alitaka kujua mama amesema nini. Mabil akajibu kwamba mama anauliza kama kutanyesha.

Siku ambazo hakuweza kuja alipiga simu kutoka posta ndogo ya Kakuma.

"Halo, Makao ya Simeoni."

"Halo, Makao ya Nawoi."

"Mabil, hii ni simu ya kazi."

"Basi nauliza mambo ya kazi. Shangazi amekula?"

"Amekula."

"Na wewe umekula?"

"Hiyo si kazi."

"Kwangu ni kazi, mpenzi. Ni kazi kubwa sana."

Nawoi aligeukia ukutani ili mpishi asione uso wake.

Mwisho wa mwaka mvua ya El Nino ikaja. Mto Turkwel ulivimba, laga, mito ile ya mchanga mkavu, zikajaa zikakata barabara, vyoo vikafurika, na baada ya mvua ukaja ugonjwa. Watu walianza kuharisha maji matupu, macho yakizama ndani kati ya asubuhi na jioni. Lodwar yote ilijua jina lake kabla ya daktari kulitamka: kipindupindu.

Kamati ya Makao ilikutana kwenye veranda. Mwenyekiti, mfanyabiashara mnene aliyeziba pua kwa leso, alitoa amri. Wageni wasiingie. Wafanyakazi walale ndani, atakayetoka asirudi. Kisha akaongeza jambo la mwisho.

"Na watu wa kambini hata wasikaribie lango. Andika hivyo, Nawoi. Wewe una mwandiko mzuri."

Nawoi alisita, kalamu ya rangi mkononi. Alitaka kuuliza kwa nini wa kambini tu, wakati waliokufa mpaka siku hiyo walikuwa wa mjini. Hakuuliza. Aliandika kwa herufi kubwa, na bango likatundikwa.

Kufikia Jumapili nusu ya wafanyakazi walikuwa wamekwenda. Muuguzi aliyekwenda kwao Krismasi hakurudi. Walibaki Nawoi, mpishi na wasichana wawili wa usafi, na wazee ambao wengi hawakuweza hata kujigeuza kitandani. Mashuka machafu yalijaa mapipa.

Lokol alifika langoni siku hiyo. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, manyoya ya mbuni yamechomekwa kofiani, na babake, mzee Namuar, alikuwa ndani.

"Ejok, sista. Nataka kuona baba."

"Ejok. Wageni hawaruhusiwi, Lokol."

"Baba anaharisha?"

"Ndiyo."

"Nani anamwosha?"

Nawoi alitazama bango, akatazama mapipa.

"Wageni hawaruhusiwi," akarudia polepole, "lakini kamati haikusema kitu juu ya wafanyakazi wapya. Unaweza kufua? Ukiingia hutoki mpaka ugonjwa uishe. Utaosha wote, si baba yako peke yake."

Lokol alivua kofia, akaitundika kwenye nguzo ya lango, akaingia.

Jioni ile Mabil alipiga simu.

"Nawoi, nasikia mmefunga. Mimi nakuja kesho."

"Usije, mpenzi. Tafadhali."

"Shangazi ni mgonjwa?"

"Bado ni mzima. Lakini ukija utaambukizwa, na sitaki nikuoshe wewe pia. Usije."

Hakumwambia habari za bango. Pia hakumwambia kwamba alikuwa anafikiria kumpa kazi, kwa vile hakuwa amejua bado jinsi ya kuipitisha kwa kamati. Mabil, kwa upande wake, aliamua kwenda hivyo hivyo.

Alifika adhuhuri, suruali imelowa hadi magotini kwa kuvuka laga, kiroba cha sukari begani. Alisoma bango. Akalisoma tena, na mwandiko akaujua, maana alikuwa anabeba mfukoni kikaratasi ambacho Nawoi alimwandikia jina na namba ya Makao, kwa mwandiko ule ule. Kisha akatazama ndani. Chini ya kivuli cha veranda, Nawoi na kijana wa Kiturkana mwenye kifua wazi walikuwa wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, wakinywa chai. Kijana alisema neno, Nawoi akacheka.

"Nawoi!"

Aliruka akaja mbio. "Mabil! Nilikuambia—"

"Huyo ni mfanyakazi?"

"Ndiyo, sikiliza—"

"Babake si yuko humo? Mimi namjua huyo, amekaa hapa na babake siku nyingi. Yeye anaingia, mimi nasoma bango. Na umeandika mwenyewe!"

"Niache niseme."

"Umesema tayari. Umesema kwa herufi kubwa." Alitua kiroba chini. "Hii ni ya shangazi. Mwambie nimefika. Ama hata hiyo ni marufuku?"

Akageuka akaenda. Nawoi alishika nyaya za lango, kwani amri ya kutotoka ilimhusu yeye pia. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Mabil alisikia kila mara jina lake lilipoitwa, na kila mara akazidisha mwendo.

Adhar alianza kutapika siku chache baadaye. Mzee Namuar alikuwa katika saa zake za mwisho usiku uo huo. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Lokol. Asubuhi Nawoi, macho mekundu, alipiga Kakuma. Karani wa posta alimtuma mtu sokoni, lakini aliyekuja kwenye simu alikuwa Achol, mama wa makamo aliyeuza chai karibu na duka la Mabil.

"Amekataa kuja, binti yangu. Anasema hana mtu Lodwar."

"Mama Achol, mwambie shangazi yake anaumwa. Nampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Anatema. Anamwita yeye."

"Uuwi."

"Na mwambie yule kijana aliyemwona, Lokol, hakuja kutembea. Nilimwandika kazi. Anafua mashuka ya kinyesi na anaosha wazee wa watu. Jana babake amemfia mikononi. Leo ameamka, ameenda moja kwa moja kumgeuza Adhar. Mwambie hivyo."

Achol alirudi sokoni bila kuweka shuka lake sawa begani. Alimkuta Mabil akipima kitambaa, na hakungoja mteja aondoke.

"Mabil, wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama, nina kazi."

"Nami nimekuletea nyingine. Mturkana anamwosha shangazi yako, na juu ya hayo amefiwa. Wewe uko hapa unapima kitenge na hasira."

Alimweleza yote. Mabil alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena vibaya. Mwishowe alimpa Achol ufunguo wa duka. Alipata lori la kuni hadi mahali barabara ilipokatika, na kutoka hapo alikwenda kwa miguu.

Safari hii hakupaza sauti langoni. Nawoi alikuja akifuta mikono. Alikuwa amekonda, mshipi mweupe ulifungwa tundu la mwisho.

"Yu hai?" Mabil akauliza.

"Yu hai. Tangu asubuhi hatapiki."

Mabil alishusha pumzi. "Nasikia mnataka mfanyakazi."

"Wa kufua."

"Mimi sijui kufua. Kwetu mwanamume hafui nguo ya mtu mwingine."

"Utajifunza."

Hakufungua kwanza. Alishika lile bango, akachana sehemu ya chini, ile ya watu wa kambini, akaikunja mkononi.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Waliniambia niandike, nikaandika. Ningeweza kusema hapana. Ulikuwa na haki ya kukasirika kwa hilo. Kwa Lokol hukuwa na haki."

"Kwa Lokol nilikuwa mjinga."

"Mjinga sana."

"Basi fungua, mpenzi. Ujinga haufui."

Adhar alimjua kwa harufu ya jasho lake kabla hajasema. "Umechelewa," alimwambia. Kisha akamshika sikio, akalivuta kama alivyokuwa akilivuta utotoni, na hakuliachia kwa muda mrefu.

Mwenyekiti alikuja kukagua akiwa ndani ya gari lake, kioo kikiwa wazi nusu. Alimwona mtu mrefu mno akianika mashuka.

"Yule ni nani?"

"Mfanyakazi, Mwenyekiti," Nawoi alisema.

"Si wa kambini yule?"

"Ni wa kufua."

"Nawoi, usinichezee. Akileta ugonjwa?"

"Ugonjwa uko ndani tayari. Walio nje ni wafanyakazi waliokimbia. Tulibaki wanne, nimetafuta wengine. Ukitaka atoke, nitatoka naye, na funguo utashika wewe."

Mwenyekiti alitazama mapipa, akatazama mikono ya Mabil iliyobambuka kwa klorini. Akapandisha kioo.

Wengine wawili walikufa baada ya Namuar, kisha hakuna aliyeugua tena. Katika siku hizo Mabil na Lokol waliinua godoro moja, huyu upande huu na yule upande ule, na wakagombana juu ya nani hakamui shuka vizuri. Jamaa za watu walipoonekana langoni wakilia, Nawoi aliwauliza swali lile lile alilomuuliza Lokol: unaweza kufua? Wengine waliondoka. Wachache waliingia.

Lango lilipofunguliwa, ua ulijaa watu, kilio na kicheko pamoja. Mabil alimkuta Nawoi nyuma ya jiko, amekaa chini, viatu amevivua.

"Kazi yangu imeisha, sista?"

"Imeisha. Unaweza kwenda dukani kwako."

"Naweza. Lakini nataka kwenda Namoruputh kwanza."

"Kufanya nini huko?"

"Kuona baba yako. Nawoi, nataka kukuoa. Sina ng'ombe, walibaki vitani. Nina vitambaa na mikono hii."

Nawoi aliitazama ile mikono. "Baba yangu hajui Kiswahili."

"Lokol atasema."

Na kweli Lokol alisema. Mbele ya boma la babake Nawoi alisimama na kofia yake ya manyoya, akaeleza kila kitu, hata yale ambayo Mabil angependa yaachwe: bango, maneno makali ya langoni, jinsi alivyogeuka akaenda. Mzee alisikiliza, kidevu juu ya fimbo.

"Kwa hiyo huyu mtu akikasirika huondoka," akamwambia bintiye. "Akiondoka tena?"

"Ataondoka," Nawoi akajibu. "Kisha atarudi. Kumfungulia ni juu yangu."

Wanawake waliokaa kwenye ngozi walicheka, na mzee naye akacheka mpaka akakohoa. Mabil, ambaye hakuelewa neno, alimshika Lokol mkono.

"Wamekataa?"

"Wamecheka. Huku mtu akikataliwa hachekewi. Ng'ombe waje polepole, mzee anasema, lakini waje."

Walifunga ndoa baada ya Pasaka, uani pale Makao, kwa sababu Adhar hakuweza kusafiri. Kibali cha Mabil cha kukaa Lodwar kilikuwa cha mwezi mmoja mmoja. Kila mwezi ulipokwisha, Nawoi aliomba ruhusa kazini, wakapanda gari pamoja hadi Kakuma, wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya vibali, wakangoja kuitwa.