Plagi Iliyoanguka

Kila siku Hafsa alikuwa akitoka shule anavua sare, anakula, kisha anakimbilia gereji ya jirani yao, Mama Serafina, pale Old Korogwe. Alikuwa darasa la sita, na kazi yake ilikuwa kufuta spana na kuuliza maswali. Mama Serafina hakuchoka kumjibu. Hakujaliwa mtoto, na alimpenda Hafsa kama wake wa kumzaa.

Siku Mzee Rehani wa Kwamsisi alipoleta gari lake la zamani libadilishwe plagi, Hafsa alipewa zile nne mpya azishike. Hakuwahi kuaminiwa hivyo. Moja ikamponyoka, ikagonga sakafu ya saruji. Mama Serafina alikuwa ameinamia injini, hakuona. Hafsa alilijua vizuri sharti la pale: plagi ikianguka haifungwi, hata kama ni mpya. Lakini aliogopa kunyang'anywa kazi siku ileile aliyopewa. Akaiokota, akaifuta, akampa Mama Serafina pamoja na nyingine.

Baada ya siku tatu mzee alirudi. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, ila likipanda kilima na magunia ya mahindi, injini ilimisi: inakohoa, inashtuka, nguvu zinakata. Mama Serafina akabadilisha waya za plagi. Gari likarudi. Akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya la petroli. Likarudi tena. Plagi hakuzigusa, kwa kuwa alizifunga mwenyewe zikiwa mpya.

Safari hiyo Mzee Rehani hakufoka. Angefoka, ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba mkewe anaumwa presha na Alhamisi ni siku yake ya kliniki. Hawezi kumpakia kwenye gari la kuzimika kilimani. Kesho atalipeleka kwa fundi wa Handeni. Akaliacha gari hapo, akaenda kulala kwa mwanawe.

Mama Serafina akakaa juu ya tairi bovu. "Miaka kumi na tisa nasikiliza injini," alisema taratibu. "Labda masikio yangu yameanza kuchoka, mwanangu."

Hafsa alishindwa kuvumilia, machozi yakamtoka. "Masikio yako ni mazima, mama. Plagi moja niliiangusha, nikanyamaza."

Mama Serafina akainuka, akachukua spana. Alizifungua plagi zote, akazigeuza juani moja baada ya nyingine. Ya tatu, ile sehemu yake nyeupe kama kikombe cha chai, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Injini ikipata mzigo, umeme ulivujia hapo. Akafunga nyingine mpya mahali pake. Asubuhi walipanda kilima wote watatu na magunia, gari lisikohoe hata mara moja. Mzee Rehani alitabasamu njia nzima.

Hafsa alimwomba mzee radhi, kisha akangoja kufukuzwa gereji.

"Kuangusha si kosa, hata mimi naangusha," Mama Serafina alimwambia. "Lakini ulipoficha, nilitafuta kila mahali isipokuwa pale palipoharibika, mpaka nikajitilia shaka mwenyewe. Ukikosea, sema mapema. Ukinyamaza, mwenzako ndiye anayebeba kosa lako."

Jumatatu ililetwa pikipiki ya kubadilishwa plagi. Mama Serafina aliitoa mpya kwenye boksi, akamkabidhi Hafsa, akainama kufanya kazi bila kugeuka kumtazama.