Yule wa Paka

"Dada, hii paka yako iko mgonjwa?"

Constance aliinua macho kutoka kwenye ndagala, dagaa wa kwao, alizokuwa akizipima kwa kopo. Katikati ya zogo la soko la Mbarara alisimama mwanamume mrefu, suruali ya jeshi, shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Hagonjwe. Anakula, analala. Jina yake ni Shefu."

"Shefu! Ndiyo maana panya napita, yeye naangalia tu. Mimi nachunga mbwa ya kambi. Mbwa kama hapana cheza, itanona, itagonjwa. Paka pia."

Akachomoa uzi kwenye gunia tupu, akaufungia unyoya wa kuku, akauburuta chini. Shefu alifumbua jicho moja, halafu la pili, halafu akaruka. Wauzaji wa upande ule wote wakacheka. Constance naye alicheka, kisha akajizuia. Tangu lini askari akapoteza Jumamosi yake kwa ajili ya paka?

Twinomujuni, ndilo jina lake, alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Tumbo la Shefu likapungua, panya wakaanza kumkoma. Constance akawa anajipaka mafuta ya uturi kila Jumamosi asubuhi, huku akijilaumu. Maana yule mtu alikuwa na maswali.

"Baba yako naitwa nani? Ukoo gani? Nyumbani mko wangapi? Mulifika mwaka gani?"

Constance aliweka kopo chini. Maswali hayohayo, kwa mpangilio uleule, alishaulizwa mara tano na watu wa ofisi ya wakimbizi, wakivizia pale atakapojikanganya.

"Na bwana, uko naye?"

"Niko naye. Alibaki Fizi."

Hakuwahi kuolewa. Walipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Fizi, ng'ambo ya mpaka, mama yake alimwandikisha kuwa ana mume ili wanaume wasimsumbue, na tangu hapo nyumba nzima ilishika neno hilo, kwani ukibadili maneno ofisini, faili lako limekufa. Twinomujuni alimkabidhi uzi, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Wala ile ya pili yake.

Heri, Constance alijiambia, jasusi kaenda zake. Akauburuta uzi mwenyewe. Shefu akampa mgongo. Wiki ya tatu uzalendo ukamshinda, akapiga simu.

"Allô, Twino. Shefu amekataa kucheza."

"Bwana yako acheze na yeye."

"Kuya kwanza. Uniambie ni nani alikutuma."

Alikuja, uso umekunjwa.

"Nani alinituma? Shangazi yangu Goreti, wa Bwizibwera. Kwetu huwezi peleka bibi nyumbani kama hujui ukoo yake. Ndiyo nilikuwa nauliza."

Constance alikosa pa kuweka mikono.

"Twino, mi sina bwana. Nilizani uko mutu ya ofisi."

"Ile siku uko naye, leo huna. Nishike gani?" Safari hii mashaka yalikuwa yake, na hakuyaficha.

"Pigia mama. Muulize ye mwenyewe." Akamtajia namba, akijua kwamba jibu la mama ndilo litakalomrudisha mtu huyu au kumwondoa moja kwa moja.

"Jambo, mama. Mimi nauliza: Constance ana bwana?"

Sauti ngeni, Kiswahili cha askari! Mama hakuhitaji kufikiri.

"Iko naye. Alibaki Fizi. Tuko banne mu nyumba, tulifika mwezi wa tano..."

Twinomujuni alianza kuishusha simu. Constance akampokonya, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mama! Haiko mutu ya ofisi! Ni ule wa paka!"

"Ule wa paka?" Sauti ya mama ilisikika hadi meza ya tatu. "Ule mwenye unalilia hizi siku zote, chakula hata haugusi?"

Constance alitamani ardhi impasukie. Twinomujuni aliinamisha kichwa, lakini mashavu yalishamsaliti.

"Mupe simu," mama aliamuru. "Na mi niko na maswali. We, uko na bibi?"

"Bado, mama," Twinomujuni alijibu, macho kwa Constance. "Nangoja huyu aseme."

"Mwambie nimekubali," Constance alimnong'oneza Twinomujuni.

"Aseme kwa nguvu!" mama alifoka. "Huku hatusikie!"

Akasema kwa nguvu, soko zima likasikia.