Kibali Namba Moja

Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, mtambo uitwao Mchujo ulisoma ujumbe mmoja kati ya jumbe milioni sitini za siku ile, ukaupima, ukaupa hatari ya daraja la tisa katika kumi. Kazi yote hiyo haikufika muda wa kupepesa jicho. Ujumbe wenyewe ulisema hivi:

"Mateka wetu kafa bila ruhusa. Nani kamruhusu? Msijichoshe kuchimba kaburi, Wangoni tunakuja kuuchukua mwili. Na huyo binti yake mhandisi tunaondoka naye, akatupikie ugali Songea. Kamba ninayo."

Binti mwenyewe, Leokadia Kihwele, aliupokea akiwa amekaa mkekani msibani, nyumbani kwa baba yake, Iringa. Kidani chake kilitetemeka shingoni, kikamnong'oneza maneno yale, naye akacheka. Alikuwa hajacheka kwa siku tatu. Mashangazi walipomgeukia akawaambia, "Ni Mbawala. Anasema Wangoni wanakuja kumteka baba."

"Aje tu, mwizi wa ng'ombe huyo!" alisema shangazi Skolastika, akijifuta machozi na kucheka kwa pamoja. "Safari hii tunamfunga kwa kamba yake mwenyewe."

Gaudensi Mbawala alikuwa Mngoni, dereva mstaafu wa treni, na mtani wa marehemu kwa miaka arobaini na sita. Mababu wa Wangoni na Wahehe walipigana kwa mikuki. Wajukuu wakabaki na kutukanana kwa mapenzi. Msibani mtani hutoa matusi, huingia kaburini akakataa kutoka, huiga kikohozi cha marehemu mpaka wafiwa wacheke hata wasipotaka. Ndiye pekee anayeruhusiwa kufanya hivyo, na ndiyo kazi yake. Mzee Kihwele, katika siku zake za mwisho, aliacha neno moja tu: asishushwe kaburini mpaka Mbawala amtukane. Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri.

Kidani kikatetemeka tena. Safari hii ilikuwa sauti ya ofisini kwake, Idara ya Usikivu.

"Mhandisi Mkuu, pongezi. Mtambo wako umekuokoa. Mtekaji amekamatwa stesheni akiwa na kamba na jembe."

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo, na jambo lenyewe linaudhi. Katika miaka ile kila mtu alivaa kidani. Mtu akisema neno, kidani kililigeuza kuwa fumbo kabla halijatoka shingoni, na hakuna kilichoweza kulifumbua isipokuwa kidani cha aliyetumiwa. Hata waliokitengeneza hawakuweza. Watu walipendana, wakagombana, wakaungama dhambi zao humo, bila wasiwasi. Kisha serikali ikasema wahalifu nao wanajificha humo, ikataka upenyo. Leokadia ndiye aliyeukata. Aliuita mlango wa uani, jina la nyumbani, la kuazimana chumvi na jirani. Alisimama mbele ya wabunge akaapa kwamba mlango utakuwa na funguo tatu: moja kwa hakimu, moja kwa kamati ya Bunge, moja kwa Idara, na hautafunguliwa ila zikutane zote, kwa mtu mmoja, kwa kosa moja; ndipo Mchujo, mtambo wake wa kusoma, ungeletewa jumbe za mtu huyo tu.

Mbunge mmoja mama alimwuliza, "Binti yangu, mlango ni mlango. Ukishauweka, utajuaje kesho atapita nani?"

"Mheshimiwa, asiye na hatia ana nini cha kuficha?" alijibu Leokadia, na ukumbi ukampigia makofi. Alirudi nyumbani siku ile akijiona mtu.

Sasa alitoka mbio msibani, khanga ya msiba kiunoni, miguu peku, akapanda gari la waya lililopita juu ya mawe ya mji hadi makao ya Idara. Askari-chuma wawili mlangoni walimpigia saluti. Mkurugenzi Chanzi, mtu mnene wa tabasamu la taratibu, alisimama kumpokea.

"Pole sana kwa msiba, Mhandisi. Na hongera. Daraja la tisa! Tungechelewa kidogo tu, saa hizi ungekuwa—"

"Ningekuwa nacheka," alisema Leokadia. "Yule ni mtani wa baba yangu, Mkurugenzi. Mwachie sasa hivi."

"Mtani." Chanzi alikaa. "Mimi mwenyewe nina watani. Lakini mtambo umesoma 'mateka'. Umesoma 'mwili'. Umesoma 'tunaondoka naye', tena kuhusu ofisa wa ngazi ya juu wa serikali. Na kamba amekutwa nayo. Sheria inasema siku tisini za uchunguzi."

"Baba yangu anazikwa saa tisa!"

"Naelewa, dada yangu."

"Huelewi. Kibali cha hakimu kiko wapi?"

Chanzi alimsogezea kiti. Leokadia alirudia swali, na safari hii alipiga meza kwa kiganja.

"Ujumbe ulitumwa saa mbili na robo kasoro dakika moja. Kufika saa mbili na nusu mzee wa watu ana pingu. Hakimu gani ameamka, akala kiapo, akasoma, akatia sahihi kwa robo saa? Ufunguo wa Bunge uliletwa na nani? Nionyeshe kibali!"

Mkurugenzi aligusa ukuta, na maandishi yakatokea. Kibali Namba Moja. Kilikuwa na tarehe ya miaka minne iliyopita, siku ya pili baada ya mlango wa uani kukamilika. Katika nafasi ya jina la mtuhumiwa paliandikwa: wakazi wote. Katika nafasi ya kosa: litakalobainika. Muda wa kibali: mpaka hali itakapotengemaa. Sahihi tatu zilikuwa chini yake.

Leokadia alikisoma mara mbili. "Namba Mbili iko wapi?"

"Haikuhitajika."

"Kwa hiyo mlango mliufungua siku ya pili, hamkuufunga tena."

"Umefanya kazi vizuri mno, Mhandisi. Kuufunga kungekuwa uzembe." Chanzi aliinamisha kichwa. "Tatizo la leo ni dogo, na dawa yake unayo wewe. Mtambo haujui utani. Ufundishe. Tuandikie nani mtani wa nani, kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, na matusi yao yote. Anza leo, na mzee atatoka leo. Hakuna mwingine atakayekamatwa kimakosa."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Leokadia, hasira ya kweli, ile inayotuliza mikono. Aliona mtu huyu anadhani kosa la Mchujo ni kusoma vibaya. Na aliona kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa ndani ya gari la waya, alidhani hivyo hivyo. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuurekebisha.

"Siufundishi kitu," alisema. "Usingemkamata, nisingejua. Ungeendelea kumsikiliza yeye na baba yangu anayekufa, ukapita kimya. Kosa si kwamba hukuelewa utani, Chanzi. Kosa ni kwamba ulikuwepo." Alivuta pumzi. "Jumatatu nitasimama palepale niliposimama miaka minne iliyopita, na nitakisoma hicho kibali kwa sauti, neno kwa neno. Nitaanza na jina langu, kwa sababu mlango niliukata mimi. Ukimtoa mzee sasa, nitasema pia kwamba ulimtoa. Usipomtoa, nitasema hilo."

Chanzi aliandika kitu ukutani. "Ameachiwa kwa huruma ya msiba," alisema. "Jumatatu ni mbali, Mhandisi. Tutaona."

Fomu na sahihi zilikula saa kadhaa; walimtoa Mbawala saa nane na nusu. Kamba na jembe walibaki navyo kama vielelezo. Alikuwa mtu mrefu wa sauti ya kupita kiasi, lakini ndani ya gari la waya hakusema neno. Walipokaribia makaburini ndipo alipofungua mdomo.

"Walinisomea," alisema polepole. "Yote tuliyoambiana na baba yako. Miaka minne. Alivyokuwa anaogopa kufa, akaniambia mimi peke yangu. Kijana wa watu ananisomea, ananiuliza, 'Hapa mlimaanisha nini?'"

"Nisamehe, mzee wangu," alisema Leokadia.

Watu mia mbili walikuwa wamezunguka kaburi. Walipomwona Mngoni akija, walifungua njia, na shangazi Skolastika akajishika kiuno tayari. "Huyo mwizi kafika!" alipaza sauti. "Tuambie, nani kakupa njia katika nchi ya Wahehe?"

Kila mtu alisubiri. Mbawala alivua kofia. Akampa shangazi mkono wa kulia, akainama kidogo.

"Poleni sana kwa msiba," alisema. "Mungu awape subira."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alibaki ameshika ule mkono, haelewi. Kwa miaka arobaini na sita mtu yule hakuwahi kuipa familia ile neno la heshima, na sasa alilitoa kama mpita njia aliyekuta msiba barabarani.

Leokadia hakuweza kuvumilia. "Mtukane!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Mtukane, Mbawala, alikuomba! Wangoni nyie, waoga, mlikimbia vita mkaacha ngao! Mateka ni nyie! Nijibu!"

Mbawala alikuwa anaangalia kidani shingoni mwa Leokadia. Leokadia alifuata macho yale, akakikata kidani kwa mkono mmoja, akakitupa mbali majanini. Mzee akayahamishia macho yake kwa shangazi, kwa padri, kwa wachimba kaburi, shingo moja baada ya nyingine, zote mia mbili. Kisha akavaa kofia yake, akarudi nyuma, akasimama na wageni.

Saa tisa kamili walimshusha Mzee Kihwele. Alizikwa kwa adabu zote, kama mtu aliyekuwa hana mtani hata mmoja duniani.