Majina Kumi na Mawili ya Kapondo

Kila siku ya shule niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachota maji, nikafagia uwanja, nikanywa uji haraka haraka mpaka ulimi ukaungua, kisha nikampitia rafiki yangu Nyanzala. Tulitembea saa nzima, viatu mkononi, kwa sababu kati ya nyumbani na shule kuna mto. Kiangazi mto huo ni mpole. Masika hauna adabu hata kidogo. Mwaka mmoja ulitufungia nyumbani wiki tatu, na tuliporudi darasani wenzetu wa ng'ambo walikuwa wameshamaliza desimali. Sisi tulibaki tumekodoa macho.

Mimi naitwa Pudensiana. Wakati huo nilikuwa darasa la sita. Kapondo, kwetu, kilikuwa kitongoji tu, kando ya njia ya kutoka Mpanda kwenda Karema, na baba yangu, Nestori, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Wazazi wetu walikuwa wameshachoshwa na ule mto. Walifyatua tofali, wakachoma, wakajenga kuta za madarasa mawili. Boma hilo lilikaa miaka miwili bila bati. Kila baba alipokwenda kuuliza halmashauri, alijibiwa kwamba fedha za kupaua hupangwa kwa kijiji, na kijiji chetu kilikuwa na shule tayari, ile ya ng'ambo.

Ndipo likaja tangazo. Vijiji vikubwa vingegawanywa, na kitongoji chenye kaya zisizopungua mia mbili na hamsini kingeweza kuomba kuwa kijiji. Kapondo ikiwa kijiji, boma letu lingeingia kwenye bajeti. Watu walichangamka, jamani. Hata wale wasiojua mkutano unafanyikia wapi walikuja wakakaa mbele.

Baba alinipa kazi ya kuandika daftari la wakazi, maana mwandiko wake, kama anavyosema mwenyewe, ni wa kuku aliyekanyaga wino. Tulihesabu kama tulivyozoea: tunafika kwenye mji wa familia, tunaandika jina la mzee mwenye mji, tunasonga mbele. Zikapatikana kaya mia mbili thelathini na nane. Tukarudia. Ni zilezile. Zilipungua kumi na mbili tu. Usiku huo baba aliacha nusu ya ugali wake, na baba yangu si mtu wa kuacha ugali.

Jumamosi alikwenda Majengo, Mpanda mjini, kununua mbolea. Nikabaki na daftari, kalamu na wazo baya. Nilimwandika Enoka, aliyehamia Karema siku nyingi kuvua migebuka. Nilimwandika bibi Yustina, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Wengine niliwatunga kichwani, nikawapa na wake. Mbwa wetu aliponea chupuchupu. Nilipofika mia mbili na hamsini nikafunga daftari.

Baba aliporudi nilimwambia kuna kaya tulizokuwa tumeziruka. Aliniamini papo hapo, bila hata kulifungua daftari, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akaandika barua ya maombi, akatangaza, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilijidai kichwa kinaniuma, nikaenda kulala mapema.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, majibu yakaja. Baba aliisoma barua kwa sauti, akisimama kila baada ya mstari ili mama afurahi naye. Alhamisi inayofuata angekuja afisa wa halmashauri kuhakiki nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti alitakiwa kusaini kwamba orodha ni ya kweli. Ikikutwa na udanganyifu, ombi linafutwa, na mwenyekiti anachukuliwa hatua. Baba akatabasamu, akaniomba kalamu.

Nilimpa, kisha nikaushika mkono wake.

"Baba, usisaini," nilisema. "Majina kumi na mawili ya mwisho nimeyatunga mimi. Bibi Yustina yumo."

Alilifungua daftari. Kidole chake kilishuka polepole, kikasimama kwa Enoka. Mama akaacha kupepeta mchele.

"Kwa nini, Pudensiana?"

"Nilitaka bati."

"Hata mimi nataka bati," alisema. "Lakini jina langu ndilo lingekuwa chini ya uongo huu, na watu wote wa Kapondo nyuma yangu."

Nilijua viboko vinakuja. Havikuja, na nilitamani vije yaishe. Baba alinirudishia kalamu, akaniamuru niyakate majina yote kumi na mawili, kila moja kwa mstari mmoja, yasomeke. Nilipotaka kuuchana ukurasa akanizuia. Alisema kesho tungepita kila mlango upya, na tukikosa, angekwenda halmashauri kwa miguu yake kusema tumekosa.

Asubuhi tulianzia kwa Mzee Manyanda, babu yake Nyanzala, aliyekuja zamani kutoka Usukumani na ng'ombe wake. Mji wake una nyumba yake na nyumba za wanawe wanne. Nimefika pale mara mia, lakini asubuhi hiyo nilikuwa natafuta kaya kama mtu anayetafuta sindano, kwa hiyo niliuona moshi. Ulikuwa unatoka jikoni kwa bibi yake Nyanzala. Ulikuwa unatoka pia kwenye majiko mengine manne, na kila jiko lilikuwa na ghala lake la mahindi. Nikakumbuka darasani tulifundishwa kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.

Nilimnong'oneza baba. Baba akanisukuma mbele, akasema aliyeharibu ndiye atengeneze.

Nikamwamkia mzee kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikapiga goti, nikamweleza. Hakupendezwa. Alisema mji ni mmoja na jina lake ni moja. Kwao, baba akiwa hai, watoto hawaandikwi mbali naye. Wapita njia wangedhani Manyanda amekufa, au wanawe wamemfukuza. Tena jioni wanaume wote hula pamoja uwanjani, sasa vyungu vingi vinatoka wapi?

Wale wanawe walikuwa wamesimama pale, watu wazima wenye ndevu, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Aliyefungua ni Nyanzala.

"Babu, unga wa kwetu hautoki ghalani kwa bibi," alisema. "Ukiisha, tunalala na njaa kwetu, siyo kwako."

Mzee alimtazama mjukuu wake, kisha akatazama majiko yake matano kana kwamba yamejengwa usiku. Baba akaona mwanya. Alimwahidi kwamba juu ya ukurasa tutaandika kwa herufi kubwa "Mji wa Mzee Manyanda", na kaya zote tano zikae chini ya jina lake. Mzee akaomba aone kwanza. Nikaandika mbele yake, na Nyanzala akamsomea mara mbili. Akacheka, akachukua fimbo yake, akasema kuna miji mingine sita kama wake na hao wazee ni wakaidi kuliko yeye, kwa hiyo afadhali atutangulie.

Tulizunguka Jumamosi yote, na Jumapili baada ya misa. Jioni nilijumlisha mara tatu. Kaya mia mbili sabini na moja, zote zinapika.

Alhamisi alikuja afisa, dada mmoja anaitwa Lusia, na pikipiki yenye tope hadi kwenye taa. Alipofika kwenye ule ukurasa akauliza majina yaliyokatwa ni ya nani. Baba akanigeukia. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Ni ya uongo," nilisema. "Niliyaandika mimi, tukayakata."

Aliandika kitu kwenye karatasi zake. Kwa siku mbili alipita kila jiko, akafunua hata vyungu. Mwisho alitangaza mbele ya watu kwamba hesabu yake ni mia mbili sabini na moja. Kisha akasema kuna kitongoji kimoja alikokuta wafu watatu wameandikwa, wakimpikia nani hajui, na ombi lao limeishia hapo.

Mwaka uliofuata cheti kilikuja: Kijiji cha Kapondo. Bajeti ilipopita, lori likaleta bati na mbao, na mafundi wakapaua madarasa kwa siku tisa. Tulicheza ngoma mpaka vumbi likafunika wapigaji. Mzee Manyanda alicheza pia, na wanawe wote wanne nyuma yake.

Kwenye mkutano mkuu wa kwanza wa kijiji, baba alinisimamisha mbele ya watu wote. Alisimulia habari ya majina yale kumi na mawili, hakuficha hata moja, na nilitamani ardhi inimeze.

"Serikali hugawa fedha kwa hesabu tunazoipa," alisema. "Ukiandika kaya ambayo haipo, unachukua dawati la mtoto aliyepo mahali pengine. Mwanangu alidhani sisi ni wachache, akaongeza uongo. Kumbe tulikuwa wengi siku zote, ila hatukuwahi kuhesabiana vizuri. Aliposema kweli ndipo tukaonana."

Watu wakapiga makofi, mama akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote, na mimi, sioni haya kusema, nililia kwa furaha mbele ya kijiji kizima.