Mgonjwa Aliyesimama Nyuma ya Nesi

"Sista, mwambie huyo mama nyuma yako akae. Amesimama muda mrefu."

Daktari alisema hivyo akiwa mjini, kwenye skrini ya zahanati. Nesi akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, ila chumba kizima kilinuka majani ya mlimau.

Angekosaje kumjua? Mama yule alikuja wiki iliyopita akinusa majani hayo asitapike, mkono mmoja tumboni. Foleni ilikuwa imefika getini na mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Daktari akaomba: "Mbonyeze tumbo, uniambie ni laini au limekaza." Maana daktari wa kwenye skrini hana mikono, mikono yake ni ya nesi. Na nesi wetu, jamani, bila hata kunyoosha kidole, akajibu: "Laini." Mama akapewa dawa ya gesi, akaenda zake. Kidole tumbo kikampasukia nyumbani. Baada ya mazishi mumewe alikuja kumshukuru nesi kwa kujitahidi, na shukrani ile ikamchoma kuliko matusi.

Akamwita mganga kwa siri, wakati wenzake wameenda kula. Mzee aliingia kwa majigambo, akanusa huku na huku, kisha akaanza kufunga mkoba wake.

"Babu, mbona unaondoka?"

"Mjukuu wangu, mimi natoa majini," akanong'ona. "Huyu ni mgonjwa. Anangoja zamu yake."

Akatoka mbio, viatu mkononi. Nesi akabaki peke yake, na harufu ya mlimau ikazidi, ikamwingia puani na kooni, na nyuma ya shingo yake mtu akawa anaguna kwa maumivu, polepole, kama mtu mwenye adabu asiyetaka kusumbua, na skrini ikalia, na daktari akatokea akiuliza kama yule mama ameshahudumiwa, na mguno ukasogea mpaka sikioni, mpaka nesi akashindwa kuvumilia.

"Sikumgusa, daktari! Nilikudanganya! Nilisema laini na sikumgusa, na sasa amekufa. Ni mimi niliyemuua!"

Mguno ukakatika. Harufu nayo ikafifia, ikaisha kabisa. Nesi akajifuta machozi kwa mkono wa sare yake.

"Ametoka," daktari akasema. "Nimemwona akipita mlangoni. Kumbe ndiye yule… Mungu wangu. Sista, tutaongea na mumewe, mimi na wewe."

"Nitamwambia mwenyewe, daktari. Leo hii."

Daktari hakukata simu. Alisogeza uso karibu na skrini, akakodoa macho.

"Na hao wengine waliojipanga ukutani?" akauliza taratibu. "Hao nao hukuwagusa?"

Nesi hakugeuka. Wala hakuuliza ni kina nani.