Nilimlazimisha Dada wa Bima Aseme Mbele ya Watu

Mama yangu alipiga magoti mbele ya kaunta ya bima, pale Vwawa...

Na simu yangu ilikuwa laivu!

Mamia ya watu wanatazama. Mimi, Clever wa Tunduma, kijana wa mashairi mnayemjua, nimeganda na simu mkononi.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa. Nikimaliza mnitukane, ruksa.

Mama alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Bima ikagoma kulipa. Hospitali ikatugeukia sisi.

Nikawaka!

"Kesho tunakwenda ofisini kwao!"

"Mwanangu, tuache tu. Tutauza kahawa, tulipe deni."

"Kahawa ya nini, mama? Hiyo ni haki yako!"

"Clever, nimesema tuache..."

Nikaona ni woga wa wazee. Asubuhi nikamkokota.

Kwenye kaunta tulimkuta dada mmoja mpole, Edina. Akasoma kompyuta yake, akamtazama mama, akashusha sauti.

"Kaka, naomba mimi na mama tuingie ndani kidogo."

"Ndani mkamtishe? Sema hapa hapa!"

Nikawasha laivu. Nikashusha beti:

*Kukata mna haraka, kulipa mwajikongoja,*
*Mama yangu ateseka, nanyi mwatoa vihoja!*

Foleni nzima ikapiga makofi. Jamani, sifa ni tamu!

"Kaka, nakuomba," Edina akasema. "Kwa heshima ya mama."

"Heshima ni kulipa! Sema, watu wasikie!"

Mama akanivuta shati. Nikautoa mkono wake.

Edina akashusha pumzi.

"Kumbukumbu zinaonyesha mama alishatolewa kidole tumbo mwaka jana. Kwa kadi hii hii. Na tulilipa."

Nikaangua kicheko!

"Mnasikia? Eti mama yangu ana vidole tumbo viwili! Mama, waonyeshe tumbo, kovu ni moja!"

Watu wakacheka.

Hapo ndipo mama alipopiga magoti.

"Binti yangu, nisamehe. Yule alikuwa mdogo wangu, Tabita."

Mama mdogo Tabita anaishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wamefanana na mama hadi mimi huwachanganya nikiwaona kwa nyuma. Mwaka jana alikuja kututembelea, akaugua ghafla. Mimi nilikuwa Sumbawanga, naghani harusini. Niliporudi nikaambiwa ilikuwa malaria.

"Angekufa," mama akasema, bado yuko sakafuni. "Kadi iko kwenye mkoba wangu, nimwache ndugu yangu afe?"

Mzee mmoja kwenye foleni akaguna. "Clever jina tu."

Kwenye simu ukaingia ujumbe. Mama mdogo alikuwa anatazama!

"Iwe, wewe Clever! Umemfanya nini dada yangu?"

Nikazima. Nilikuwa nimechelewa.

"Nilitaka nimsikilize kwanza, taratibu," Edina akaniambia. "Tuone kama anaweza kuliondoa dai mwenyewe, yaishe. Sasa kila mtu kasikia. Siwezi kunyamaza."

Uanachama wa mama ukafutwa. Kahawa tumeuza.

Kanisani alikuwa anakaa mbele na wazee wenzake. Siku hizi anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia ahame. Kahama mwenyewe.

Nami nakaa naye, macho chini. Jumapili iliyopita nikajikaza.

"Mama, nisamehe."

Akafungua kitabu cha nyimbo. Kisha akasema:

"Lile shairi lako... vina vyake vilikuwa vizuri."

Heri angenizaba kofi!

Ndugu zangu, kabla hujapaza sauti kwa ajili ya mtu, muulize kama anataka upaze. Akikwambia "tuache", muulize kwa nini, halafu funga mdomo umsikilize.

Ile video nimeifuta. Lakini najua wapo walioihifadhi, na bado inazunguka kwenye magrupu.

Wewe uliye nayo, nakuomba uifute. Si kwa ajili yangu.

Kwa heshima ya mama.