Fyuzi ya Tatu

"Fyuzi mbili zimekufa, na wewe hujajiuliza zimeuawa na nini?"

Aliyeuliza alikuwa jirani, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Alikuwa amekaa kibarazani kwake, macho yakiwa kwenye pindo la sketi ya shule. Aliyeulizwa alikuwa Koleo, binti wa darasa la sita, ambaye wakati huo alikuwa amelala kifudifudi ndani ya teksi ya mama yake, miguu ikining'inia nje ya mlango.

"Zilikuwa za zamani tu, shangazi," Koleo alijibu kutoka huko ndani.

"Haya. Mimi najua sindano. Sindano ikivunjika mara mbili mahali pamoja, nafunua kitambaa nitazame kuna nini. Lakini fundi ni wewe."

Koleo aliendelea kubandika tepu. Alikuwa na haraka.

Jina la Koleo alipewa na mjomba wake, fundi umeme wa magari, kwa sababu hata kanisani aliwahi kukutwa na koleo mfukoni. Kila Jumamosi, akishafua sare yake na kujaza maji kwenye mapipa, alikwenda karakana kwa mjomba kujifunza. Huko ndiko alikojua kulehemu, kuvua ganda la waya bila kuukata, na kutofautisha waya wa moto na wa kurudi. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Neno alilorudia kila wiki ni moja: "Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Akipiga kelele, usimfukuze. Muulize ameona nini."

Jumamosi hii ilikuwa na shughuli yake. Bibi alikuwa anatoka hospitali saa tisa alasiri, baada ya kulazwa wiki tatu kwa kuvunjika mguu. Na mguu ulivunjikaje? Alikuwa akishuka kwenye teksi hii hii, jioni, hakuona mahali pa kukanyaga. Tangu siku ile Koleo hakuwa na amani. Alipomwona msusi wa mtaani akitupa kibao chake cha zamani cha tangazo chenye mkanda wa taa ndogo ndogo, aliuomba. Taa nyingi zilikuwa bado zinawaka. Alikata mkanda kwa mkasi kwenye alama, maana ukikata pengine taa hufa tatu tatu, akaunganisha vipande na nyaya, akavibandika chini ya dashibodi na chini ya viti, akaviwekea swichi kwenye dashibodi. Bibi akifungua mlango, aone miguu yake.

Mama alikubali, lakini kwa sharti. "Gari hili ndilo baba yako aliloniachia, na ndilo linalotulisha," alimwambia. "Weka taa zako. Ila halitoki hapa mpaka mjomba wako akague."

Shida ni kwamba Koleo alipofika karakana alikuta kufuli mlangoni. Mjomba alikuwa ameitwa kwenye lori lililoharibika njiani. Koleo akarudi nyumbani akijiambia kwamba kazi anaijua, ataimaliza, na mjomba ataiona baadaye.

Akaweka fyuzi. Taa zikawaka, bluu kama mwali wa jiko la gesi. Akasogeza kiti cha mbele cha abiria nyuma, aokote mkasi ulioangukia chini, taa zikazimika. Fyuzi imekatika. Akakivuta kiti mbele, akaweka ya pili. Zikawaka tena. Akaketi kiti cha mbele, akakirudisha nyuma ajinyooshe na kutazama kazi yake, na taa zikafa.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipouliza swali lake.

Saa nane na nusu, Mama alitoka ndani amevaa, funguo mkononi. Koleo hakuwa na fyuzi nyingine. Alichokuwa nacho ni pakiti ya biskuti. Akakivuta kiti mbele apate nafasi ya kuweka mto wa Bibi nyuma, akachana kipande cha karatasi ya kung'aa ya pakiti hiyo, akakizungushia fyuzi iliyokatika, akaisukuma mahali pake kwa kidole gumba. Taa zikawaka, na zamu hii zikatulia.

"Mjomba wako amekagua?" Mama aliuliza.

Koleo alitazama viatu vyake. "Amekagua, Mama."

"Amesemaje?"

"Amesema nzuri."

Mama akainama, akaona ule mwanga sakafuni, na uso wake ukalainika. "Bibi yako atalia," alisema. Akazizima taa, akawasha gari, akaondoka.

Koleo akabaki anakusanya vitu vyake. Mkasi, tepu nyeusi, vipande vya nyaya. Mchangani, karibu na alama ya gurudumu, aliona ile fyuzi ya kwanza. Akaiokota akaiweka kiganjani. Kile kijiwaya cha ndani kilikuwa kimeyeyuka hadi kuacha doa jeusi.

Zimeuawa na nini?

Ya kwanza ilikufa aliposogeza kiti. Ya pili ilikufa aliposogeza kiti. Aliona kwa akili yake waya aliokuwa ameupitisha chini ya kiti, ukilala juu ya reli ya chuma ambayo kiti huteleza juu yake. Kila kiti kinaporudi nyuma, reli inauuma waya, na fyuzi inakatika ili gari lisiungue. Sasa fyuzi haipo. Ipo karatasi ya biskuti, na karatasi ya biskuti haikatiki upesi.

Na Bibi ana plasta kuanzia pajani hadi kisiginoni. Mguu haukunjiki. Ataketi wapi kama si mbele, na kiti kimerudishwa nyuma mpaka mwisho?

"Shangazi," alisema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Naomba umpigie Mama simu."

Mama Cherehani hakuuliza. Alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Mama hakupokea simu akiwa anaendesha. Hiyo ilikuwa amri yake mwenyewe, na abiria walimpendea hiyo.

"Nitaendelea kupiga," Mama Cherehani alisema. "Gari linazunguka sokoni. Mtu akipita nyuma ya shule anafika upesi. Nenda."

Koleo alikimbia. Alipita nyuma ya shule, akapita uwanja wa mpira ambako wenzake walimwita asimame, akaruka mfereji, kandambili moja ikabaki humo, naye hakurudi kuichukua. Mbavu zilimchoma. Alikuwa akiomba bila kupanga maneno: Mungu, karatasi za kumtoa Bibi zicheleweshwe. Mungu, foleni iwe ndefu.

Foleni haikuwa ndefu. Alipoingia geti la hospitali aliiona teksi mbele ya wodi, milango wazi. Mlinzi alikuwa ameshika kiti cha magurudumu kitupu. Bibi alikwisha kuketi mbele, mguu mweupe umenyooshwa kama gogo, na Mama alikuwa ameinama akikisukuma kiti nyuma hatua ya mwisho.

"Sasa tazama mjukuu wako alichokufanyia," Mama alikuwa akisema, na akabonyeza swichi.

"Mama, zima."

Mama aligeuka akitabasamu, akamwona yuko mguu mmoja pekupeku, kifua kinapanda na kushuka. "Wewe umefikaje hapa?"

"Zima, Mama. Umtoe Bibi."

Taa zilififia, zikawa nyekundu nyekundu, zikafa. Ikaja harufu, ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto.

"Binti yangu," Bibi alisema polepole, "hapa chini ya kisigino pana joto."

Uzi mwembamba wa moshi ulipanda kutoka kwenye zulia.

Mama hakuuliza tena. Yeye na mlinzi walimbeba Bibi mzima mzima, mmoja mabegani, mwingine plastani, wakamketisha kwenye kiti cha magurudumu, na mlinzi akamvuta mbali. Mama akafungua boneti, akachukua spana namba kumi aliyoiweka siku zote mlangoni, akalegeza kichwa cha betri na kukichomoa. Mlinzi alirudi na ndoo ya mchanga, akaumwaga juu ya zulia. Moshi ukakohoa mara mbili, ukakatika.

Zulia lilikuwa limetoboka shimo la ukubwa wa kisahani. Kisiginoni, plasta ya Bibi ilikuwa na alama ya kahawia, kama iliyopigwa pasi.

Mama akatoa simu. Koleo alidhani anampigia Mama Cherehani. Kumbe sivyo.

"Ulikagua nini?" Mama alisema kwenye simu.

Sauti ya mjomba ilisikika hadi kwenye kiti cha Bibi. "Kukagua nini, dada? Ndiyo kwanza naingia karakana."

"Usinifanye mjinga. Mama angeungua mbele ya macho yangu. Hata kukimbia asingeweza. Kama kazi imekushinda, funga karakana ukalime." Akakata.

Koleo alifungua mdomo. Mlinzi alikuwa anamtazama, wauguzi wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na dereva mwenzake Mama alikuwa anakuja kuuliza kuna nini. Alifunga mdomo.

Dereva huyo ndiye aliyewarudisha nyumbani. Teksi yao ilibaki hospitalini, chini ya jicho la mlinzi. Nyumbani walimlaza Bibi kwenye kochi refu, mto chini ya mguu. Simu ya Mama ilikuwa mezani, kifudifudi. Kila baada ya muda ilinguruma na kusogea kidogo juu ya meza. Mama hakuigusa.

"Ni mwanangu huyo anayepiga?" Bibi aliuliza.

"Ni yeye. Na asinipigie."

Simu ikanguruma tena. Koleo aliitazama kama mtu anayetazama nyoka. Aliwaza: mjomba ataacha kupiga, Mama atasahau, na mimi nitakuwa nimesalimika. Kisha akaona macho ya Bibi hayapo kwenye simu. Yapo kwake.

"Mjomba hakukagua," alisema.

Mama aligeuka.

"Karakana ilikuwa imefungwa. Fyuzi zilikatika mbili, nikaizungushia moja karatasi ya biskuti, nikaisukuma kwa kidole gumba. Nilikuambia amekagua kwa sababu ulikuwa unaondoka." Machozi yalimjia lakini hakuyapangusa. "Hakujua chochote. Ni mimi."

Mama alikaa chini kwenye kigoda.

"Pale hospitali ulinisikia nikimtukana ndugu yangu," alisema. "Ukanyamaza."

"Niliogopa, Mama."

"Sogea hapa," Bibi alisema. Koleo akasogea. Bibi akamwonyesha ile alama ya kahawia. "Hii nitakaa nayo mpaka daktari aikate plasta. Kila mgeni ataiuliza, na wewe ndiye utakayemjibu, kwa ukweli wote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Leo ulikimbia ukaja, na kwa hilo Mungu akubariki. Lakini usingehitaji kukimbia kama ungesema neno moja tu mlangoni: bado hajakagua. Kuna kitu kinakukatalia, wewe unakidanganya ili kikubali. Moto hauzuiliwi kwa kuufunikia macho, mjukuu wangu. Kesho tukishasali utang'oa nyaya zote mbele ya mjomba wako, kwa mkono wako, na uanze upya. Umwombe radhi kabla hujashika koleo. Na taa nazitaka. Kwa kitambo kile kidogo, niliiona miguu yangu."

Koleo aliinamisha kichwa. Mama naye alitikisa kichwa, akaanza kusema kwamba siku hizi watoto hawana hofu.

"Na wewe," Bibi alimkatisha, bila kupandisha sauti. "Mdogo wako alikuuliza, kukagua nini? Ile ilikuwa fyuzi imekatika. Ulijiuliza imekatwa na nini, au nawe uliisukuma tu kwa kidole gumba?"

Simu ilinguruma mara moja, ikanyamaza.

Mama aliitazama. Akanyanyuka, akachukua funguo za gari kwa mazoea, akakumbuka gari halipo, akazirudisha mezani. Alijitanda mtandio, akavaa kandambili zake, akatoka na kushika njia ya karakana.